Namba ya Kaka

Wodini walimwita Mama Mshipa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata daktari mkuu, mtu asiyependa masihara, alilitumia bila kutabasamu: "Hebu mwiteni Mama Mshipa." Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti na mikono yenye joto hata asubuhi za baridi. Mgonjwa akishachomwa mara tatu bila mafanikio, mkono umevimba, machozi yanamlengalenga, ndipo huyu mama anapoitwa. Anakuja, anavuta kiti, anakaa. Kukaa kwenyewe kulikuwa nusu ya kazi, maana wenzake wengi huchoma wamesimama kama watu wanaochelewa mahali. Kisha anafunga mpira juu ya kiwiko, anaweka kidole kimoja juu ya ngozi, anatazama dirishani, na kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Nyumbani mnafuga kuku? Jogoo wenu anawika saa ngapi? Mgonjwa akija kushtuka, kanula, ule mrija mwembamba wa dripu, imeshaingia, plasta imeshabandikwa, na dripu inadondoka tone kwa tone.

Wauguzi wageni walimuuliza kwa nini haangalii anapochoma.

"Ninapochoma naangalia, msinizulie," aliwajibu. "Ninapotafuta ndipo siangalii. Mshipa unaouona si lazima uwe mzuri. Ule mzuri unauhisi. Unakusukuma kidogo, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia."

Ustadi huo hakuupata chuoni. Aliupata kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli cha kaka yake.

Wazazi wao walifariki mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa hajaanza hata shule. Kaka yake, kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijamwota sawasawa, alifunga madaftari yake, akaenda kuomba kazi kwa fundi baiskeli mmoja mkali kama pilipili. Baada ya miaka michache akawa na kibanda chake mwenyewe: mabati manne, benchi moja, beseni la maji na magurudumu yaliyoning'inia kama vitunguu sokoni. Mdogo wake akitoka shule aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akifanya hesabu zake za darasani na kumpitishia spana. Kuna pancha nyingine ni ndogo mno, hata majini hazitoi povu. Hapo kaka alikuwa anaupitisha mpira polepole karibu na vidole vya yule mtoto na kumwambia, "Kitinda, fumba macho. Wapi panapumua?" Alimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa. Naye alifumba macho, akangoja, kisha akasema, "Hapa." Hakukosea mara nyingi.

Kaka mwenyewe alikuwa mtu wa mizaha. Wateja walikuja na baiskeli nzima ili tu wapate la kucheka. Siku moja mnyororo ulimnasa kidole, kucha ikang'oka yote, damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko. Alikifunga kidole kwa kitambaa chenye grisi, akasema, "Mnyororo una njaa leo. Umekula kucha, sasa hivi utaniomba na chai." Kitinda alicheka hadi akajishika mbavu. Alikua akiamini kwamba kaka yake ni mtu asiyeumia, kama vile watoto wengine wanavyoamini baba zao wanaweza kubeba nyumba.

Kaka ndiye aliyemsomesha mpaka akavaa sare nyeupe, na kaka ndiye aliyesimama pale baba angesimama siku alipoolewa. Yeye mwenyewe alioa kwa kuchelewa, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye Mama Mshipa alimwita wifi na kumpenda kama ndugu wa tumbo moja. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wamekua na kwenda mbali kufuata maisha yao. Mama Mshipa, baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa akishinda kwa kaka kila siku asiyokuwa zamu.

Ugonjwa ulikuja taratibu. Suruali za kaka zilianza kumpwaya. Akiulizwa, alisema mkanda wake umeanza kurefuka, atamrudishia aliyemuuzia. Akaacha kula nyama, akaacha mkate, akabaki na chai. Mama Mshipa alimsihi aje hospitali apimwe, naye akasema atakuja akimaliza baiskeli zilizopo. Baiskeli hazikuisha. Baiskeli haziishi.

Asubuhi moja, wodini wakiwa wanatandika vitanda, simu ililia kutoka chumba cha dharura. Muuguzi wa kule alisema, "Mama Mshipa, tusaidie. Kuna mzee hapa tumbo limejaa kama ngoma, ametapika siku nzima ya jana, mishipa yote imekimbia." Alichukua kanula zake mbili tatu, akashuka ngazi huku akimalizia kicheko cha kitu alichokuwa akiambiwa. Alipovuta pazia, aliyelala pale alikuwa kaka yake, na wifi amesimama kichwani pa kitanda akiwa amevaa kandambili za kuogea.

"Kitinda, pole na kazi," kaka akasema. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Wenzako wamenichoma mpaka nimekuwa chujio la chai."

Mama Mshipa alivuta kiti, akakaa, akafunga mpira. Mikono ile aliijua. Zamani, kaka akikaza nati, mishipa ilisimama juu yake minene kama kamba za kuanikia nguo, muuguzi yeyote angeiona akatamani. Sasa ilikuwa ngozi tupu imelala juu ya mfupa. Aliweka kidole, akatazama dirishani, akangoja. Hakuna kilichosukuma. Alihamia kwenye kifundo cha mkono, akapata kitu chembamba, akaingia. Damu ikaonekana ndani ya kanula, na papo hapo ngozi ikavimba, ikawa nundu ya bluu. Mshipa ulikuwa umepasuka.

"Samahani, Kaka."

"Umekosea nyumba," akasema kaka. "Jaribu kwa jirani."

Muuguzi wa dharura akacheka. Mama Mshipa akafungua kanula ya pili, akakaribisha ncha yake kwenye ngozi, na akaiona inatetemeka. Aliitazama kama kitu cha mtu mwingine. Kwa miaka yote ile, ncha ya sindano mkononi mwake haikuwahi kufanya hivyo. Akaivuta nyuma, akasimama, akasema, "Niitieni Bwana Usingizi."

Bwana Usingizi alikuwa mtaalamu wa kulaza wagonjwa wakati wa upasuaji, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini. Alipofika alimtazama Mama Mshipa mara moja, akavaa glavu. Alimgeuza kaka kichwa, akampiga ganzi shingoni, akaingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa pale.

"Tumbo linauma, mnatoboa shingo," kaka akalalamika. "Nyinyi mko sawa kweli?"

Maji yakaanza kuingia. Mama Mshipa alitoka nje ya pazia, akaegemea ukuta, mikono ameificha kwapani kama mtu anayesikia baridi.

Upasuaji ulifanyika siku ile ile. Daktari aliyeufanya alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyekuwa akimwita Mama Mshipa "mama" tangu siku zake za uanafunzi. Alitoka akiwa bado na kofia kichwani.

"Mama, ni uvimbe wa utumbo," akasema. "Tumefungua njia nyingine chakula kipite. Lakini uvimbe wenyewe hatukuweza kuutoa. Umesambaa, umefika hadi kwenye ini."

Maneno ya namna hiyo Mama Mshipa aliyasikia mara nyingi yakisemwa kwa watu wengine. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni na kikombe cha maji, kumpa ndugu wa mgonjwa. Safari hii kuna mtu alimwekea yeye kikombe mkononi. Hakumbuki alikuwa nani.

Kaka alilazwa katika wodi ile ile, kitanda cha karibu na sinki. Utaratibu haukumruhusu muuguzi kumhudumia ndugu yake wa damu, kwa hiyo Mama Mshipa aliomba likizo, akawa mgeni. Aliketi kwenye benchi la wageni ambalo kwa miaka mingi aliwaambia watu walivumilie, na akagundua kwamba halivumiliki.

Muuguzi wa zamu, binti mchangamfu, alikuja kuuliza. "Mzee, ukiyapima maumivu, sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni makali kuliko yote. Yako ni ngapi?"

"Mbili, binti yangu," kaka akasema. "Na moja kati ya hizo nimeiongeza kwa heshima yako."

Wodi nzima ikacheka. Binti akampa vidonge vya mtu mwenye maumivu ya mbili. Jioni ilikuwa mbili tena, na kesho yake asubuhi mbili. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kumpenda. Aliwaambia kwamba chakula cha pale kimefanyiwa upasuaji kabla ya kuletwa, ndiyo maana hakina kitu ndani. Alimwambia mwenye mguu uliofungwa chuma kwamba akitoka apite kibandani, atamwekea na kengele.

Mama Mshipa alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama. Juu ya mdomo wa kaka palikuwa na jasho, na chumba hakikuwa na joto. Mkono mmoja ulishika chuma cha kitanda mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Chini ya shuka, vidole vya miguu vilikuwa vimekunjwa. Alipumua kwa juu juu, na hakuthubutu kukohoa. Na mizaha ilikuwa inafuatana, mmoja haujatua mwingine umeshapaa, kama mtu anayekimbia akiogopa kusimama. Akaikumbuka ile kucha. Akakumbuka na mengine: siku kibanda kilipovunjwa, siku mtoto wa kwanza wa kaka alipozaliwa mfu, na jinsi siku hizo kaka alivyowachekesha watu.

Alingoja wageni waondoke, akasogeza benchi hadi likagusa kitanda.

"Kaka, nipe namba."

"Si nimeshampa mwenzako? Au mnapiga mnada?"

"Nipe mimi."

"Mbili."

"Kaka."

Kaka akatazama dari. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa nyingine, haina chumvi ndani yake.

"Wewe ulikuwa huli," akasema. "Baada ya mama kufariki. Ukiniona nimekunja uso tu, unasukuma sahani. Siku mbili, tatu, huli. Nilijaribu kukubembeleza, nikakuchapa hata, wapi. Siku moja nikajigonga nyundo, nikapiga mzaha, ukacheka, ukala. Basi. Nikaona dawa ndiyo hii."

Mama Mshipa alimpangusa jasho la juu ya mdomo.

"Nimeshakuwa mtu mzima, Kaka," akasema. "Hebu nitazame nilivyonenepa. Nakula."

Kaka alimgeukia. Kidevu kikaanza kumtetemeka.

"Tisa," akasema. "Tisa, Kitinda. Tangu juzi."

Mama Mshipa alikwenda mwenyewe kumtafuta daktari, karibu anakimbia, na viatu vyake visivyotoa sauti. Daktari akaandika mofini, dawa ya maumivu makali. Lakini kabla haijaletwa, wifi alimvuta Mama Mshipa hadi kwenye bomba la uani, mahali ndugu wa wagonjwa wanapofulia, akiwa na ndoo mkononi.

"Wifi, usinifiche," akasema kwa sauti ya chini. "Ndugu wa yule wa kitanda cha pili wameniambia habari ya hiyo dawa. Wanasema mtu akishapewa hiyo, ndiyo basi tena. Ni ya kumalizia watu."

"Haimalizi mtu. Ikipimwa vizuri haimalizi mtu. Ni vile wengi wanapewa wakiwa wameshachelewa, wakifa watu wanaisingizia dawa."

"Na akiizoea? Arudi nyumbani hawezi kufanya kazi bila hiyo?"

"Ataizoea lini, wifi, na siku zenyewe ziko wapi?"

Maneno yalishatoka. Hakuna aliyekuwa amemwambia wifi. Daktari alidhani Mama Mshipa amesema, na Mama Mshipa kila siku alidhani atasema kesho. Wifi alisimama pale na ndoo, maji yakajaa, yakafurika, yakamlowesha miguu, wala hakufunga bomba. Ndivyo alivyojua. Mama Mshipa alilifunga bomba, akamshika kiuno, wakakaa wote wawili kwenye saruji iliyolowa.

"Basi mpeni," wifi akasema. "Kama ni hivyo, mpeni, asiumie."

Mofini iliingia kupitia mrija wa shingoni, kidogo kidogo, binti wa zamu akihesabu pumzi na kumtazama uso. Mama Mshipa aliona vidole vinaachia chuma cha kitanda, kimoja kimoja. Miguu ikanyooka chini ya shuka. Kaka akashusha pumzi iliyokuwa kama ya mtu aliyetua mzigo baada ya kupanda mlima, akalala, mdomo wazi.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Namba yake ilikuwa tatu, na ilikuwa tatu ya kweli. Mizaha ikaisha. Wagonjwa wa jirani waliuliza kama amezidiwa. Badala ya mizaha alisema mambo yaliyonyooka, kwa sauti ya kawaida, na hayo yalimchoma Mama Mshipa kuliko chochote.

"Baiskeli sikuzipenda," alimwambia mchana mmoja. "Hata siku moja. Zinachafua kucha. Mimi nilipenda ramani. Mwalimu wa jiografia alikuwa ananipa niichore ubaoni, bila kuangalia kitabu. Mito yote."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini?"

Mama Mshipa alimpaka mafuta midomoni kwa pamba, akamgeuzia mto.

Wiki ya pili homa ikapanda. Pale mrija ulipoingilia shingoni palikuwa pekundu na penye usaha, ikabidi utolewe. Daktari alitaka kumwekea mwingine, wa maji na dawa za kuua vijidudu. Walijaribu mikono yote miwili, wakajaribu nyuma ya viganja. Kaka hakuwatania tena. Aligeuza uso ukutani, na kila walipochoma machozi yalitoka bila sauti. Daktari akamwita Mama Mshipa kando.

"Mama, najua uko likizo, na najua ni kaka yako. Lakini kabla sijampasua kifundo cha mguu kutafuta mshipa, ningependa wewe ujaribu mara moja."

Alikaa mwisho wa kitanda. Akaupakata mguu wa kaka, mguu mwepesi kama wa mtoto, akapitisha kidole taratibu upande wa ndani, chini ya kifundo. Alitazama dirishani. Mkono wake safari hii ulikuwa umetulia. Na hapo chini ya ngozi, kwa mbali sana, kitu kilimsukuma.

Ulikuwepo. Ulikuwa mzuri. Angeuweza.

Aliondoa kidole.

"Kaka, nimepata mmoja."

"Wa nini?" kaka akauliza, bado amegeukia ukuta.

"Wa maji na dawa za homa."

"Nitapona?"

Binti wa zamu alikuwa ameshika plasta alizokwisha kuzikata.

"Hapana, Kaka. Hutapona."

"Basi niache," akasema. "Nirudisheni nyumbani. Mmenichoma vya kutosha."

Alimfunika mguu, akauingiza chini ya shuka vizuri, akamtazama daktari. Daktari alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Mofini ipo ya maji, ya kunywa, akasema, na kwa kuwa njia ya tumbo imefunguka, ataweza kuinywa.

Kaka alirudi nyumbani. Kitanda kiliwekwa sebuleni ili aone barabara. Chupa ya dawa ilikaa juu ya kabati na kikombe chake cha kupimia, na wifi, yule yule aliyekuwa anaiogopa, alikuwa haipitishi saa yake hata kwa dakika chache. Alimnyanyua kichwa, akamnywesha, akamfuta kidevu. Maumivu yakitaka kuchomoza kati ya dozi na dozi, kaka alisema wazi, "Inaanza," na wakamwongezea kiasi kile walichoruhusiwa na daktari. Wateja wa zamani walikuja kumwona, wakakaa kidogo, wakaondoka bila kujua pa kuweka mikono.

Alifariki mchana wa jua kali. Wifi alikuwa ametoka kununua sabuni. Mama Mshipa alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, ameshika kifundo cha mkono wa kaka kwa mazoea tu, hatafuti kitu. Pumzi zikaanza kuachana, moja hapa, nyingine mbali, kama nyayo za mtu anayeondoka bila haraka. Kisha hakukuwa na nyingine. Aliendelea kukishika kile kifundo mpaka aliposikia mlango wa nje unafunguliwa.

Alirudi kazini mwezi uliofuata. Siku za kwanza wakimwita kwenye mkono mgumu, alimtuma mwingine. Baadaye akaanza tena, na vidole vilikuwa havijasahau. Kitu kimoja kilibadilika. Mgonjwa akitaja namba ya maumivu, Mama Mshipa haendi zake. Anamgeukia mke, au mama, au yeyote aliyekaa kwenye benchi la wageni, na kumuuliza, "Na wewe unayemjua, unaonaje?" Wauguzi wageni wanadhani amefundishwa hivyo.

Wifi alihamia kwake, maana nyumba ile ilimshinda. Wanakaa wawili, hawasemi mengi. Jioni moja walikuwa wanakunja nguo zilizotoka kuanuliwa, shuka moja kubwa katikati yao, kila mmoja ameshika pembe zake.

"Wifi," akasema mjane wa kaka. "Siku ile mimi sikuwepo. Aliumia?"

Mama Mshipa alisimama na zile pembe mkononi.

"Mwishoni hakuumia," akasema. "Nakuambia kweli. Kabla ya hapo aliumia sana, na alituficha."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Wakasogeleana kuikunja ile shuka, wakakutanisha pembe na pembe, na wakabaki wamesimama hivyo, imebanwa katikati yao, wakilia.